Muulizeni Kuhusu Mgongo Wake

Mwanamke anayetoka Nakivale kuja kujifungulia Mbarara hufika na mengi yaliyoandikwa. Kadi ya familia anayo. Kitabu cha kliniki kina uzito wake, presha yake, majibu ya damu yake na tarehe anayotazamiwa kuzaa. Mgongo wake haumo. Tangu nianze kuishi hapa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, nikiwakalimania kina mama wenzangu wa Kivu, Kongo, mbele ya wakunga wanaosema Kinyankole na Kiingereza, nimesikia maswali yaleyale: hii ni mimba ya ngapi, uliwahi kutokwa na damu, mtoto anacheza? Swali la mgongo huja usiku, leba, pale mama anapokataa kulala chali na mkunga akadhani ni ukaidi.

Nimeufikiria mgongo huo kwa muda mrefu. Naamini kwamba kazi ya kumpunguzia mama maumivu huanza mbali kabla ya sindano, na kwetu sisi tuliovuka mpaka wa Bunagana tukiwa na watoto na magodoro, huanza mbali zaidi.

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Imekuwapo tangu kuelekea mwaka 1960, ilipopokea Wanyarwanda, na leo ina Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, zaidi ya watu laki moja. Mkimbizi hupewa kiwanja na, ardhi ikiwapo, kipande cha shamba. Huo ni ukarimu wa Uganda, nasi tuliotoka mbali tunaushukuru. Lakini shamba ni jembe, na jembe ni kuinama tangu alfajiri. Maji ni dumu la lita 20, na foleni ya bombani huanza kabla hakujakucha. Kuni ziko mbali. Mtoto mkubwa hajashuka mgongoni, mdogo ameshaingia tumboni. Juu ya hayo weka vita. Wapo waliopigwa kiunoni kwa kitako cha bunduki. Wapo walioanguka kutoka kwenye lori. Wapo waliougua kifua kikuu cha mgongo utotoni, kikala pingili moja au mbili kabla mtu hajakitambua, wakabaki na kibiongo. Wapo waliozaliwa na uti uliopinda kwenda upande, wakaolewa hivyo, wakalima hivyo, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba jambo hilo lina maana siku ya kuzaa.

"Kila mwenye mimba anaumwa mgongo." Maneno haya nimeyasikia kwa wakunga, kwa mama wakwe, na kwa wajawazito wenyewe. Yana ukweli. Mwili wa mjamzito hutoa homoni inayolegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia, tumbo huvuta mbele, kiuno hubonyea ndani, na karibu nusu ya wajawazito duniani, pengine zaidi, huumwa mgongo. Ukweli huo ndio unaowapoteza wale ambao migongo yao ina tatizo kubwa. Wanapanga foleni pamoja na wengine, wanaambiwa wapumzike, na kupumzika huko hakuna anayewapa.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa katika kituo ambacho sitakitaja, nikiwa na kiuno kilichoumia njiani wakati wa kukimbia. Nililazwa chali, miguu juu. Nilipolia kwamba ni mgongo unaoniua, si tumbo, aliyekuwa zamu aliniambia, "Mama, kaza moyo, wewe si wa kwanza kuzaa." Alikuwa peke yake na wajawazito wengi usiku ule, na simchukii. Lakini baada ya hapo nilitembea kwa kushika ukuta kwa muda mrefu, na hata leo ninachokikumbuka zaidi kuliko maumivu yale ni kwamba nilisema na hakuna aliyenisikia.

Ndiyo maana nilimtazama vizuri mama mmoja wa Rutshuru niliyekaa naye kwenye benchi la kliniki. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, miezi saba. Kibiongo chake alikifunika kwa kitenge alichokitandaza mabegani ingawa jua lilikuwa kali.

"Mkunga anajua kuhusu mgongo?" nikamuuliza.

"Hakuniuliza, dada."

"Na wewe hukumwambia?"

"Nikisema watanipasua. Ama watasema mtu kama mimi asizae."

Mama mkwe wake alikuwa amemwambia kwamba aliyepasuliwa hajazaa bado. Hofu yake ya pili, ya kuonekana hastahili kuwa mama, alikuwa nayo tangu utotoni. Kwa hiyo mwanamke mwenye akili timamu alikuwa anapeleka mwili wake hatarini huku akinyamaza, kwa sababu kunyamaza kulimgharimu kidogo kuliko kusema. Nimekutana na hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara huniuma, kwa kuwa mwanamke anayeipiga hakuiunda yeye. Imeundwa na watu waliomzunguka.

Tuliingia kwa mkunga pamoja. Nilimweleza kwa Kiingereza changu, naye akamwomba mama atoe kitenge, akapitisha vidole taratibu juu ya uti, akaandika barua ya rufaa palepale. Wiki kadhaa kabla ya siku zake, mtaalamu wa usingizi alikuwa ameshamwona hospitalini. Alisikiliza mapafu, kwa sababu kibiongo kikubwa hubana kifua na mimba hukibana zaidi. Alipapasa nafasi kati ya pingili za chini. Akamweleza, nami nikafasiri neno kwa neno, kwamba sindano ya mgongo inawezekana, huenda ikachomwa zaidi ya mara moja hadi njia ipatikane, dozi itakuwa ndogo kuliko kawaida, na ikishindikana kabisa atalazwa usingizi kamili, kwa hiyo vifaa vya kupumulia vitakuwa tayari. Daktari wa uzazi alipima nyonga, akaona mtoto hatapita salama, wakapanga siku ya upasuaji. Alipasuliwa mchana, madaktari wakiwa wengi, akiwa macho. Alimsikia mwanawe akilia.

Baadaye aliniambia jambo moja tu kuhusu siku ile. "Kumbe mambo haya yalikuwa yanajulikana mapema?"

Ndiyo, yanajulikana mapema. Sindano za mgongo ziko mbili na watu wetu huzichanganya, kwa hiyo nizieleze jinsi nilivyoelezwa mimi. Ya kwanza hupita kati ya pingili hadi kwenye maji yanayozunguka neva za uti. Dawa hutiwa mara moja, ganzi huja ndani ya dakika chache na kukaa saa moja au mbili hivi. Hiyo ndiyo inayotumika sana Uganda kwa upasuaji wa uzazi. Ya pili, epidurali, huishia nje kidogo ya maji hayo. Mrija mwembamba huachwa mgongoni na dawa huongezwa kadiri uchungu unavyoendelea, hata kwa saa nyingi, mama akiwa anazaa kwa njia ya kawaida. Zote mbili zinaweza kushusha presha ghafla, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupima na kukaa.

Mgongo ulioharibika unabadilisha kazi hiyo kwa namna mbalimbali. Uti uliopinda hugeuza pingili, sindano ikakosa njia au dawa ikaenda upande mmoja, mguu mmoja ukafa ganzi na mwingine ukaendelea kuhisi kila kitu. Mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo na kuwekewa vyuma ana makovu ambayo dawa huenda isiyapenye. Lakini wengi wenye mgongo unaouma, hata wenye diski iliyotoka mahali pake, hawakatazwi sindano hizi. Wanaokatazwa hasa ni wale ambao damu yao haigandi vizuri, wenye maambukizi pale sindano inapopita, na yule ambaye hataki, kwa maana mwili ni wake. Waliozaliwa na uti usiofunga vizuri huangaliwa kwa tahadhari kubwa zaidi. Kwa hiyo jibu la "mimi nina mgongo mbaya, sindano siwezi" mara nyingi si sahihi, na jibu la "sindano ni kwa kila mtu" nalo si sahihi. Linalofaa ni kuonwa mapema na anayejua.

Kuna imani kubwa mitaani, Nakivale na Mbarara na hata kule kwetu, kwamba sindano ya mgongo humwachia mwanamke maumivu ya maisha. Nimekutana na mabinti waliokataa upasuaji wa dharura kwa sababu hiyo. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi, ukiwalinganisha wanawake waliopata epidurali na wasiopata, haukuona tofauti ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu kati yao. Mahali palipochomwa panaweza kuuma siku chache. Wachache hupata maumivu makali ya kichwa yanayozidi wakiketi, nayo yana tiba, lazima wayaseme. Lakini mgongo unaouma mwaka mzima baada ya kuzaa, kwa wengi wetu, umetokana na mimba, kunyonyesha kwa kuinama, na dumu la maji. Ni rahisi kuilaumu sindano kwa sababu tuliiona ikiingia.

Na sasa niseme lililo zito. Hata baada ya kujua haya yote, mwanamke wa kawaida wa hapa hatapata epidurali. Tangu mwaka 2001 hospitali za serikali za Uganda hazitozi ada ya matibabu, jambo jema sana, lakini huduma hii huipata zaidi anayeweza kulipa hospitali binafsi za Kampala. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linataka angalau madaktari watano wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na Uganda haijafika hata mmoja. Kazi kubwa inabebwa na maofisa wa usingizi wasio madaktari, nao wako chumba cha upasuaji wakiokoa maisha. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa Mulago, hospitali kuu ya taifa, kwa wajawazito 1,293 waliokuja kliniki. Asilimia 7 tu walikuwa wanajua kwamba kuna dawa za kupunguza uchungu wa kuzaa. Walipoulizwa kama wangezitaka katika uzazi ujao, karibu asilimia 88 walisema ndiyo. Mara nyingi huambiwa kwamba mwanamke wa Kiafrika hataki dawa, anataka kuvumilia. Mimi nasema hakuulizwa.

Tena si kweli kwamba kumpunguzia mama maumivu kuliletwa na wageni. Mwaka 1879, Robert Felkin, Mwingereza aliyesomea udaktari Edinburgh, alipita Bunyoro, kaskazini mwa hapa, na mahali paitwapo Kahura akashuhudia upasuaji wa kumtoa mtoto, akauandika na kuuchapisha mwaka 1884. Msichana wa miaka kama ishirini, mimba ya kwanza, alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kuuosha nayo tumbo kabla ya kisu. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa pini saba za chuma na kamba za gome la mti. Felkin aliandika kwamba hadi pini zilipoanza kuingia, mama hakuwa ametoa kilio. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Mimi ninachokiona katika habari hiyo ni mpangilio: pombe ilitangulia kisu. Watu wale waliketi kabla ya kuanza wakafikiria atahisi nini.

Katika mji huohuo wa Edinburgh, mwezi Januari 1847, James Young Simpson alimpa mvuke wa etha mwanamke aliyekuwa anajifungua. Mama yule alikuwa na nyonga iliyoharibika umbo, na uzazi wake ulitazamiwa kuwa mgumu mno. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya usingizi katika uzazi, katika tiba ya kisasa, alipewa mtu ambaye leo tungemweka katika kundi la yule mama wa Rutshuru. Waliokuja kumpinga Simpson walileta Mwanzo, adhabu ya Hawa. Naye, kabla mwaka haujaisha, akawajibu kwa Mwanzo hiyohiyo: Mungu alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu.

Hoja ya adhabu ya Hawa bado iko hai. Nimeisikia ikihubiriwa chini ya mahema ya Nakivale. Hapa Nyamitanga tunaishi chini ya kanisa kuu la Kikatoliki, kwa hiyo huwakumbusha waumini wenzangu kwamba Papa Pius XII, mwezi Januari 1956, alisema mbele ya madaktari kwamba kutafuta kuzaa bila maumivu hakupingani na Maandiko. Na dada zangu Wasomali wanaijua kuliko mimi habari ya Maryam katika Kurani, aliyeshikwa na uchungu akauegemea mtende akatamani angekuwa amekufa kabla ya hapo. Hakukemewa kwa kusema hivyo. Alipewa maji chini yake na tende za kula, na maneno ya kumtuliza.

Nirudi leba, pale sindano ya epidurali isipokuwapo. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu uzazi, lilitaja epidurali kwa anayeitaka, na dawa za jamii ya mofini kama pethidini, ambazo hutuliza lakini huweza kumsinzisha mama na kumchelewesha mtoto kupumua, kwa hiyo zinahitaji uangalizi. Likataja pia kukandwa, kitambaa cha moto, kupumua kwa utaratibu, uhuru wa kutembea na kukaa mkao anaoutaka mama, na mtu wa kumsindikiza anayemchagua mwenyewe. Hili la mwisho kwetu ni gumu kuliko linavyosikika. Chumba ni kidogo, vitanda vimekaribiana, na anayemuuguza mgonjwa huambiwa akae nje na jiko lake na beseni lake. Kwa mwenye mgongo ulioumia, huyo aliyeko nje ndiye angemkandamiza kwa kiganja mfupa wa juu ya makalio kila uchungu unapokuja, angemsaidia kupiga magoti na kushika kitanda, angemgeuza ubavuni. Mtoto akiwa amekaa kisogo chake kikielekea mgongo wa mama, maumivu yote hukusanyika kiunoni, na hapo kupiga magoti na mikono chini humpa nafuu ambayo kulala chali hakumpi kamwe.

Kuna njia moja zaidi ambayo ningependa kila mkunga wa Isingiro aisikie. Maji safi ya sindano, yaleyale ya kuchanganyia dawa, huchomwa kidogo sana ndani ya ngozi katika sehemu nne za kiunoni. Huchoma kama nyuki kwa nusu dakika hivi, kisha maumivu ya mgongo hupungua kwa saa moja au zaidi. Utafiti uliofanywa Australia na Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020, kwa wanawake zaidi ya 1,800, uliona kwamba baada ya nusu saa, sita katika kumi waliochomwa maji hayo walipata nafuu ya theluthi hivi au zaidi, wakati katika wale waliochomwa maji ya chumvi walikuwa watatu katika kumi. Hayaondoi uchungu wa tumbo, na hayakupunguza upasuaji. Lakini hayagusi uti. Kibiongo hakiyazuii, uti uliopinda hauyazuii, vyuma haviyazuii. Hayahitaji mtaalamu wa usingizi. Yanahitaji mkunga aliyefundishwa.

Sijui watu wengine wa Mbarara huwaza nini wanaposikia kwamba nchi maskini haiwezi kushughulikia maumivu. Mimi huwaza Hospisi. Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 1998 huduma hiyo ikafika hapa Mbarara, wauguzi wakienda vijijini kwa gari kuwatembelea wenye saratani na UKIMWI. Mofini yao ni unga uliochanganywa na maji, dawa ya bei ndogo kabisa, na mgonjwa hatozwi. Madaktari walikuwa wachache, kwa hiyo mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Mofini hiyo ya kunywa siyo ya leba, na siombi iletwe huko. Ninachoomba ni ule mwendo wao. Walianza kwa kumuuliza mgonjwa maumivu yako ni kiasi gani, wakayaamini majibu yake, wakayaandika kwenye karatasi. Kisha wakatafuta dawa ya bei ambayo serikali inaimudu, wakamfundisha aliyepo badala ya kumngoja asiyekuwapo. Mji huu umejua kwa zaidi ya robo karne kwamba anayekufa hapaswi kuachwa na maumivu yake. Anayezaa yuko mtaa wa pili.

Nilipoyasema haya kwa mkunga mmoja, mtu mwema ambaye nimemwona akifanya kazi zamu mbili mfululizo, aliniuliza swali la haki. "Mama, nikimuuliza mgongo naye akaniambia unauma, mimi nitampa nini? Epidurali sina. Daktari wa usingizi sina."

Nilimwambia ninavyofahamu. Barua ya rufaa anayo, na ikiandikwa mwezi wa saba ina thamani ambayo haina usiku wa uchungu, kwa sababu kutoka Nakivale hadi Mbarara ni barabara ndefu na gari la wagonjwa ni la wengi. Anaweza kuandika kwenye kitabu ni mkao gani unaomuumiza mama huyu, na miguu yake inafunguka kiasi gani kabla hajaanza kuumia. Hilo linawasaidia hata watakaomchoma ganzi, maana aliyekufa ganzi hawezi kusema "hapo basi", na kiuno kinaweza kupanuliwa kupita mpaka wake bila yeye kujua. Anaweza kumwacha azae kwa ubavu. Parasetamoli anayo. Maji ya moto jikoni yapo. Anaweza kumruhusu dada mmoja aingie. Na mama anayezungumza Kiswahili akiletwa kwa mkunga asiyekijua, anaweza kumwita yeyote kati yetu, kwa kuwa ramani ya maumivu haichorwi kwa ishara za mikono.

Akaniuliza tena: na baada ya kuzaa? Hapo nilifurahi, kwa kuwa wengi hawafiki hapo. Mgongo uliobeba mimba na kupita uzazi hurudishwa bombani baada ya siku chache, kwenye dumu lilelile. Mazoezi mepesi ya kukaza tumbo na kiuno yapo, na yanasaidia, lakini hayashindani na lita 20. Mtaani kwa yule mama wa Rutshuru majirani waligawana siku, Warundi na Wakongo, kila nyumba ikachota dumu lake na la mama huyo. Shamba akalichukua mumewe. Mkunga alikuwa amemwambia mume kwamba mkewe asiinue kitu kizito kwa wiki sita, naye akajibu kwamba yeye amehesabu nane.